Jicho Linavyoisoma Picha: Vipengele na Kanuni za Sanaa ya Kuona

Ukifungua vitabu vitatu vya kufundishia sanaa, huenda ukakutana na orodha tatu zisizolingana. Kimoja kitasema vipengele vya sanaa ni vitano, cha pili saba, na cha tatu kitaongeza nukta ili vitimie vinane. Ukifika kwenye kanuni, mambo yanazidi kuchanganya. Huyu anataja mdundo na mwendo kuwa vitu viwili, yule anavifanya kimoja. Mwingine anauweka uwiano kwenye vipengele, mwenzake anauhamishia kwenye kanuni. Anayejiandaa na mtihani huishia kukariri orodha ya mwalimu wake, na anayejifunza mwenyewe kubuni mabango au tovuti hubaki akijiuliza ni nani aliyekosea.

Hakuna aliyekosea. Orodha hizi zilitungwa na walimu waliotafuta njia ya kufundisha, tena si zamani sana. Mwaka 1899 mwalimu wa sanaa wa Marekani, Arthur Wesley Dow, alichapisha kitabu kuhusu utungaji wa picha ambamo vipengele vilikuwa vitatu tu: mstari, mpangilio wa giza na mwanga, na rangi. Hicho cha pili alikiita *notan*, neno alilolichukua katika Kijapani, kwa sababu aliipenda mno sanaa ya Japani na aliona kwamba walimu wa nchi yake walikuwa wamelisahau jambo hilo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1919, shule ya Bauhaus ilifunguliwa mjini Weimar, Ujerumani. Johannes Itten akawaanzishia wanafunzi wapya kozi iliyojengwa juu ya vitu vinavyopingana: cheusi na cheupe, kikubwa na kidogo, laini na chenye mikwaruzo. Mwenzake katika shule hiyohiyo, Wassily Kandinsky, akachapisha mwaka 1926 kitabu kilichoanzia kwenye nukta, kikapita kwenye mstari, kikaishia kwenye uso bapa wa picha. Kitambaa kilikuwa kimoja, na kila fundi alikikata kwa mkasi wake.

Kwa hiyo hesabu tuiache. Swali lenye manufaa ni hili: vipengele vinatofautianaje na kanuni? Kipengele ni kitu unachoweza kukinyooshea kidole. Hapa pana mstari, pale pana doa la buluu, kule pana duara. Kanuni huwezi kuinyooshea kidole hivyo. Huwezi kusema usawa uko kwenye kona ile ya juu. Kanuni ni habari za kitu na jirani yake: kipi kizito kuliko kipi, kipi kinajirudia, kipi kinaonekana kwanza. Na nikiulizwa ni jambo gani moja ambalo mtu akilishika mengine yote yatamfungukia, nitajibu ni hilo la ujirani. Katika picha hakuna kitu chenye ukubwa, uzito wala rangi yake peke yake. Vyote hivyo hupewa na walio kando yake.

Tuanze na mstari, maana ndio mtoto yeyote anayeanza nao. Ajabu yake ni kwamba katika dunia tunayoiona mistari ni michache sana. Uso wa mtu hauna mstari unaouzunguka. Kilichopo ni mahali ambapo rangi ya shavu inaisha na rangi ya ukuta ulio nyuma inaanza, na ubongo wetu, ambao ni hodari wa kutafuta mipaka, hukubali kwamba mstari mweusi kwenye karatasi ni mpaka huo. Ndiyo maana mchoro wa mistari mitano tu unaweza kutambulika kuwa paka. Mstari pia hubeba tabia ya mkono ulioupiga. Ule uliovutwa haraka huonyesha haraka hiyo, na ule ulioanza kwa uzito ukaishia kwa wembamba humvuta mtazamaji kuelekea upande wa wembamba. Mstari wa mlalo hutuliza, wa wima husimama, na wa mshazari huonekana kama kitu kinachoanguka au kinachopaa, kwa sababu mwili wetu wenyewe unajua maana ya kulala, kusimama na kuteleza.

Wachoraji wakubwa hujua pia wakati wa kuuacha mstari. Itazame picha ya Johannes Vermeer ya msichana mwenye hereni ya lulu, iliyochorwa mnamo mwaka 1665 na kuhifadhiwa katika jumba la Mauritshuis mjini The Hague. Tafuta mpaka kati ya mgongo wa pua na shavu lililo nyuma yake. Haupo. Pua na shavu vina mwanga uleule, na Vermeer ameviacha viungane, lakini hakuna mtazamaji anayelalamika kwamba msichana hana pua. Jicho limepewa tundu la pua, kivuli upande wa pili na ncha inayong'aa, likamalizia lenyewe.

Hapo tayari tumeingia kwenye toni, yaani kiwango cha giza au mwanga cha kila sehemu ya picha. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ninaamini hiki ndicho kipengele chenye kazi kubwa kuliko vyote na kinachodharauliwa kuliko vyote.

Nilipokuwa najifunza kuchora sura za watu kwa penseli, nilikuwa nikiogopa giza. Nilichora kila kitu kwa kijivu chepesi, nikidhani huo ndio uangalifu. Pua ilikuwa pua, macho yalikuwa macho, vipimo vilikuwa sawa, na bado sura ilionekana kama imefunikwa ukungu. Aliyekuwa akinifundisha aliisimamisha karatasi ukutani, akanirudisha hatua kadhaa nyuma, akaniambia nibane macho hadi kope zikaribie kugusana. Mchoro wangu ukageuka doa moja la kijivu. Kisha akaniambia nibane macho vilevile nikimtazama mtu aliyekuwa amekaa mbele yetu. Yule hakupotea. Zilibaki sehemu chache za giza zenye maumbo ya wazi: chini ya nyusi, upande mmoja wa pua, chini ya mdomo wa chini, na kivuli kikubwa chini ya kidevu. Nilichukua penseli laini kuliko zote nilizokuwa nazo, nikalitia giza lile lililo chini ya kidevu, na kichwa kikajitokeza kwenye karatasi palepale. Sikuwa nimegusa pua wala macho.

Kubana macho kunafanya kazi kwa sababu ya kawaida kabisa. Vitu vidogovidogo hupotea na rangi hupungua nguvu, yakabaki mafungu makubwa ya giza na mwanga. Mafungu hayo ndiyo yanayoibeba picha. Yakipangwa vizuri, picha itasomeka hata ukiwa upande wa pili wa chumba. Yakiwa yamevurugika, hakuna uhodari wa kuchora kope utakaoiokoa.

Turudi kwa msichana wa Vermeer, safari hii kwenye hereni yenyewe. Ukiisogelea, huoni lulu. Unaona mguso mzito wa rangi nyeupe upande wa juu, na chini mng'ao uliofifia wa ukosi mweupe wa nguo yake unaoakisiwa. Kati ya hivyo viwili kuna giza laini linaloyeyukia kwenye kivuli cha shingo. Uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa na jumba hilo ulieleza kwamba hata kulabu ya kuitundika sikioni haikuchorwa. Lulu nzima, mviringo wake, uzito wake na ubaridi wake, imejengwa kwa toni tatu zilizokaa mahali pake. Hivyo ndivyo umbo bapa linavyogeuka kuwa umbo lenye ujazo. Duara ni duara tu hadi lipate upande wenye mwanga, upande wenye kivuli, na kivuli kinachoanguka chini yake. Hapo linakuwa mpira.

Sasa rangi. Hakuna eneo lenye mkanganyiko kama hili, na sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na swali moja: rangi za msingi ni zipi? Shuleni wengi tulifundishwa nyekundu, njano na buluu. Fundi wa kompyuta atakuambia ni nyekundu, kijani na buluu. Mchapishaji atataja siani (buluu inayoelekea kijani), majenta (nyekundu inayoelekea zambarau), njano na nyeusi. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kazi yake.

Dondosha tone dogo sana la maji kwenye kioo cha simu iliyowaka, mahali penye weupe mtupu. Tone litafanya kazi ya lenzi, na ndani yake utaona chembe za nyekundu, kijani na buluu. Kioo hakina chembe nyeupe hata moja. Weupe unatokea machoni mwako mianga hiyo mitatu inapojumlishwa. Kwenye karatasi mambo yanakwenda kinyume. Wino hautoi mwanga, unameza. Wino wa njano humeza mwanga wa buluu, wa majenta humeza kijani, wa siani humeza nyekundu, na kadiri unavyoongeza wino ndivyo mwanga unaorudi unavyopungua. Kwa kuwa wino halisi haumezi kikamilifu, mchanganyiko wa zote tatu hutoa hudhurungi chafu badala ya weusi, ndiyo sababu wachapishaji wakaongeza nyeusi. Ile nyekundu, njano na buluu ya shuleni ni mapokeo ya wachoraji waliotumia rangi zilizopatikana katika zama zao. Inafaa kwa kuanzia, lakini ukitafuta zambarau safi kwa kuchanganya nyekundu na buluu za kawaida utahangaika.

Hata duara la rangi, lile tunaloliona kila mahali, lina siri yake. Isaac Newton aliupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, na katika kitabu chake cha mwaka 1704 alizipanga rangi saba kwenye duara. Lakini utepe wa upinde wa mvua una ncha mbili: nyekundu upande mmoja, urujuani upande mwingine, na kati ya ncha hizo hakuna uhusiano wowote katika mwanga wenyewe. Anayeziunganisha ni jicho la binadamu, ambalo huona nyekundu na urujuani kama ndugu na kujaza pengo kwa rangi kama majenta, isiyokuwepo kabisa kwenye upinde. Duara la rangi, basi, ni ramani ya mtazamaji.

Kwa matumizi ya kila siku, ushauri bora uliowahi kutolewa kuhusu rangi, kwa maoni yangu, ulitoka kwa mwalimu mwingine wa Marekani, Albert Munsell, mwaka 1905. Alisema kila rangi ina mambo matatu unayopaswa kuyatenganisha: ni rangi gani, ina giza au mwanga kiasi gani, na imekolea kiasi gani. Kiswahili kinayasema haya bila shida. Tunajua nyekundu iliyokolea na nyekundu iliyopauka, na tunajua kwamba nyekundu ya damu ya mzee ni nyekundu iliyotiwa giza. Anayeanza akiona rangi mbili zinagombana, hukimbilia kubadilisha aina ya rangi, nyekundu aitoe aweke kijani. Mara nyingi ugomvi uko kwenye lile la pili au la tatu: zote mbili zimekolea kupita kiasi, au zina toni moja kiasi kwamba mpaka wake unatetemeka.

Na ujirani? Mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa idara ya rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, mwaka 1824. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikuwa nyeusi ipasavyo. Chevreul alizichunguza akakuta rangi haina hitilafu. Tatizo lilikuwa nyuzi zilizowekwa kando yake: weusi uliokaa kati ya buluu na urujuani ulionekana umefifia. Jirani ndiye aliyekuwa akiuharibu. Alilifanyia kazi jambo hilo kwa miaka, na kitabu chake cha mwaka 1839 kilisomwa na wachoraji wengi wa karne ile. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Josef Albers, aliyekuwa mwalimu wa Bauhaus kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1933, aliwapa wanafunzi wake zoezi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya leo. Kata vipande viwili vidogo kutoka karatasi moja ya kijivu. Kimoja kiweke juu ya karatasi nyeusi, kingine juu ya nyeupe. Cha kwanza kitang'aa, cha pili kitazama gizani, na utalazimika kuvisogeza pamoja ili uamini kwamba vimetoka karatasi moja.

Wanaobuni vitu vya kusomwa wana sababu zaidi ya kuliheshimu hili. Miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zisomwe na watu wote inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake iwe angalau 4.5 kwa 1. Kijivu chepesi juu ya nyeupe huonekana cha kistaarabu kwenye kioo cha mbunifu na hakisomeki kwa mtu mwenye macho dhaifu aliyesimama juani. Tena, miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida. Ukiwaonyesha kosa kwa wekundu peke yake, hujawaonyesha kitu. Kabla ya kuukabidhi mchoro wowote, ugeuze uwe wa nyeusi na nyeupe uutazame. Kama bado unaeleweka, rangi umezijenga juu ya msingi.

Kuhusu mguso, au tekstua kama wengi wanavyosema, sina mengi. Kuna ule halisi, kama tabaka nene za rangi alizozilaza Vincent van Gogh kwenye picha yake ya usiku wenye nyota ya mwaka 1889, ambazo mwanga wa chumba huziangukia na kutupa vivuli vidogo. Kuna pia ule wa kuigizwa, ambapo hariri au gome la mti vimechorwa kwenye uso ulio laini kabisa. Wa pili kwa kweli ni toni inayofanya kazi kwa jina jingine.

Nafasi ndiyo inayowasumbua watu, kwa sababu ni kipengele kilichotengenezwa kwa kutokuwepo. Mwaka 1915 mwanasaikolojia wa Denmark Edgar Rubin alichapisha mchoro unaojulikana hadi leo: ukiangalia hivi unaona chombo kama kikombe kirefu, ukiangalia vile unaona nyuso mbili zinazotazamana. Huwezi kuviona vyote kwa wakati mmoja. Jicho huamua kipi ni kitu na kipi ni usuli, na kinachokuwa usuli hupoteza umbo lake. Mchoraji mzuri haukubali upotevu huo. Anayechora kiti kwa kuyachora matundu yaliyo kati ya miguu ya kiti, mara nyingi hukipata sawasawa kuliko anayekichora kiti chenyewe, kwa kuwa hana mazoea na matundu, na kwa hiyo analazimika kuyatazama. Wabunifu wa herufi nao hutumia muda mwingi kwenye weupe ulio ndani ya *o* na kati ya *r* na *n*. Weupe huo ukibana sana, *rn* inasomeka *m*.

Kina ni aina nyingine ya nafasi. Njia rahisi za kukionyesha ni za kale: kitu kimoja kuficha sehemu ya kingine, cha mbali kuwa kidogo, na milima ya nyuma kufifia kama walivyofanya wachoraji wa China kwa ukungu na wino mwepesi. Njia ya kijiometria, ambayo mistari yote inayoingia ndani hukutana kwenye pointi moja, ilionyeshwa mjini Florence na msanifu majengo Filippo Brunelleschi mwanzoni mwa karne ya 15, kisha Leon Battista Alberti akaiandika mwaka 1435. Leonardo da Vinci, akiichora Karamu ya Mwisho ukutani mjini Milan kati ya 1495 na 1498, aliiweka pointi hiyo kichwani mwa Yesu, penye panja la kulia. Tundu la msumari aliotumia kuvuta nyuzi lilikutwa hapo. Dari, kuta na madirisha, vyote vinaelekeza mahali pamoja. Hesabu za kina zimegeuka kuwa msisitizo, na hivyo tumeshavuka kutoka vipengele kwenda kwenye kanuni bila kugonga mlango.

Kati ya kanuni, usawa ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Watu hudhani ni kuweka nusu hii sawa na nusu ile. Huo ni ulinganifu, na ni aina moja tu ya usawa: imara, rasmi, iliyotulia. Aina nyingine inafanana na mizani ya mkono, ambapo kitu kizito kilicho karibu na katikati kinasimamishwa na chepesi kilicho mbali. Basi kinachopimwa ni nini? Ni nguvu ya kuvuta jicho. Cheusi kinavuta, kilichokolea kinavuta, chenye mambo mengi madogo kinavuta, kilicho peke yake katikati ya utupu kinavuta kupita kiasi, na uso wa mtu huvishinda karibu vyote. Kwa hiyo mtu mdogo kwenye kona tupu anaweza kusimamisha jengo zima lililo upande wa pili.

Msisitizo unafuata palepale. Kwenye bango, jambo moja lazima lionekane kwanza, jingine la pili, na yaliyobaki yasubiri zamu yao. Mwenye kazi akisema "hiki nacho kikuze" mara nne, vyote vinne vinarudi kuwa na ukubwa mmoja, na bango linakuwa kelele. Kukikuza kitu hufanikiwa tu pale ambapo jirani zake wamekubali kubaki wadogo.

Kurudia huleta mdundo, na msikilizaji wa mashairi hahitaji kufundishwa hili. Kina kikirudi mwisho wa kila mshororo, sikio hukisubiri. Kikivunjwa mara moja kwa makusudi, sikio hushtuka. Jicho hufanya vivyo hivyo na nguzo, madirisha au nukta. Mwaka 1923 Max Wertheimer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza jinsi tunavyounganisha vitu kuwa kundi: vilivyo karibu, vinavyofanana, na vinavyofuata mkondo mmoja. Hiyo ya ukaribu pekee inaweza kutengeneza nusu ya kurasa mbovu unazokutana nazo. Angalia kichwa kidogo cha habari kilichoachiwa nafasi sawa juu na chini. Kinaelea, hakina mwenyewe. Kisogeze karibu na aya inayokifuata, ukiachie nafasi kubwa zaidi juu, na msomaji atajua kinamhusu nani kabla hajasoma neno.

Uwiano umeharibiwa na ushirikina. Namba 1.618, inayoitwa uwiano wa dhahabu, ina uzuri wa kweli wa kihesabu, na Luca Pacioli aliiandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1509 kikiwa na michoro ya Leonardo. Lakini madai kwamba kila kazi kuu ya sanaa imejificha ndani ya mzingo unaochorwa kwa uwiano huo hayastahimili rula. Chora mzingo kwa mstari mnene, uusogeze kidogo, uukuze kidogo, na karibu picha yoyote itaingia. Kanuni ya theluthi, inayoigawa picha mafungu matatu kwa upana na matatu kwa kimo, iliyoandikwa na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797 na sasa imo kwenye kamera za simu, ina kazi ya unyenyekevu zaidi: inamzuia anayeanza kuweka kila kitu katikati. Itumie kwa hilo.

Mwisho wa orodha nyingi hukaa umoja na anuwai, na hizi mbili huvutana daima. Pablo Picasso alipochora Guernica mwaka 1937, kwenye kanvasi yenye urefu wa takriban mita 3.5 na upana wa karibu mita 7.8, aliijaza miili iliyovunjika, farasi anayepiga kelele, moto, taa, mama na mtoto wake aliyekufa. Fujo hiyo ingeweza kusambaratika. Aliifunga kwa kuinyima rangi, akabakiza nyeusi, nyeupe na kijivu, na akailaza kwenye umbo kubwa la pembetatu linalopanda hadi kwenye taa. Umoja wa ukali namna hiyo ndio ulioiruhusu fujo iwe kubwa kiasi kile.

Kuona haya yote yakifanya kazi kwa pamoja, napenda kurudi kwenye karatasi ndogo: chapa ya Katsushika Hokusai ya wimbi kubwa la Kanagawa, ya mnamo mwaka 1831, yenye upana usiofika sentimita 40. Wimbi limejaa upande wa kushoto, na povu lake limegawanyika kama makucha. Uzito wote uko huko. Hata maandishi ya kichwa na sahihi yako kona ya juu ya kushoto. Kulia kuna anga tupu. Kwa hesabu ya kawaida picha hii ilipaswa kupinduka.

Sasa fuata mkunjo wa wimbi kwa jicho. Unapanda mgongoni, unapinda kwenye kilele, unateremka ndani ya shimo, na pale chini, mbali, umekaa Mlima Fuji. Mlima wenye mita 3,776 umekuwa mdogo kuliko povu. Umevaa rangi zilezile za maji, buluu na nyeupe, na mbele yake kuna wimbi dogo lenye umbo lake hasa, kiasi kwamba mara ya kwanza huwezi kusema kipi ni bahari na kipi ni nchi kavu. Matone ya povu yanaanguka juu ya kilele chake kama theluji. Anga nyuma yake limetiwa giza ili weupe wake uonekane. Chini, mashua tatu zimelalia mkunjo uleule, na wapiga makasia wamejikunja kwa safu, vichwa vidogo vinavyojirudia.

Weka kidole juu ya mlima huo, uufiche. Jicho linateremka kwenye mkunjo na kupita moja kwa moja bila mahali pa kusimama. Upande wa kulia unakuwa mtupu, na wimbi lenyewe, ambalo hukuligusa, linapungua ukubwa. Ondoa kidole.